Vichupa Vilivyokwenda Mafinga

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, nimesimama mbele ya fundi viatu na mguu mmoja peku. Aliyepiga simu ni dada mmoja wa Mafinga, ambaye sasa ndiye anayesimamia famasi ya hospitali ambayo marehemu aliisimamia kwa miaka mingi. Aliniamkia, akaniuliza kama nimekaa, nikamwambia nimesimama, akasema basi nishike kitu. Kisha akasema, "Mzee, bosi wetu ametutoka leo alfajiri. Presha." Nami, badala ya kusema pole, nikasema, "Asante." Sijui neno hilo lilitoka wapi. Fundi viatu, aliyekuwa akisikiliza bila kuficha, akauliza, "Mzee umeshinda bahati nasibu?" Nikamwambia hapana, nimefiwa. Akaacha nyundo. "Na nani?" Hapo ndipo nilipokwama. Rafiki? Tulikuwa hatujasemezana kwa miaka. Adui? Mtu hafiwi na adui. Nikamjibu, "Na mtu niliyekuwa naazimana naye dawa." Fundi akanitazama kama anayepima kichwa changu, akanirudishia kiatu soli ikiwa nusu, akasema pole sana, nenda kwanza ukapumzike.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba elimu yangu iliishia kidato cha nne, na kwamba kabla ya kupewa kona hii ya gazeti nilikuwa msimamizi wa stoo ya dawa katika hospitali moja hapa Mbeya. Marehemu alikuwa mfamasia, mtu wa chuo, lakini kazi yetu ilikuwa moja: kukisia. Mgonjwa huiona famasi kama dirisha. Anapeleka karatasi, anapewa pakiti au anaambiwa haipo. Nyuma ya dirisha yupo mtu ambaye miezi iliyopita alikaa akajiuliza ni watoto wangapi watashikwa na nimonia baridi ikianza, na akina mama wangapi watajifungua kwa upasuaji, akaandika oda, akaituma bohari ya serikali, akasubiri. Bohari ikisema haina, anaomba kibali cha kununua kwa mshitiri, yaani yule msambazaji binafsi aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa, na hapo anasubiri tena. Ukiagiza kidogo, dawa inakwisha na watu wanakutukana dirishani. Ukiagiza nyingi, inapitwa na muda rafuni na mkaguzi anakuandikia hoja. Sikumbuki siku hata moja mtu alikuja kunipongeza kwa sababu nimeagiza sawasawa.

Kwa hiyo watu wa stoo tulisaidiana wenyewe kwa wenyewe. Mafinga ni baridi, malaria si nyingi, na dawa zake hulala. Kwetu, kwa ajili ya wagonjwa wanaopanda kutoka bonde la Usangu, zilikwisha haraka. Wao, wenye vumbi la mbao na moshi wa maranda, waliwahi kuishiwa dawa za pumu wakati zetu zimejaa. Simu moja ilitosha: boksi linapakiwa kwenye basi, kondakta anapewa namba ya mpokeaji, mambo yamekwisha. Fomu za kuhamisha dawa tulijaza, maana sheria ni sheria, lakini tulizijaza baadaye. Utaratibu wenyewe hasa ulikuwa ule wa majirani wanaoazimana chumvi. Jirani akija na kikombe unamjazia. Humuulizi atarudisha lini, wala humuulizi anampikia nani. Ukimuuliza umemvunjia heshima, na siku chumvi yako ikiisha utaona haya kubisha hodi kwake. Adabu hiyo ya jikoni tuliichukua tukaiingiza kwenye stoo ya dawa, na kwa muda mrefu haikutudhuru.

Nilimfahamu zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Simu yake ilianza kwa kelele, kwa salamu ya kwao na jina la utani la sisi Wanyakyusa: "Kamwene, Mnyaki!"

"Shikamoo kwanza. Adabu umeacha wapi?"

"Shikamoo kaka mkubwa. Mmeshiba ndizi huko?"

"Marahaba. Tumeshiba. Nyie mmeamka, au ulevi wa ulanzi bado umewalaza?"

"Umetulaza, kaka, ndiyo maana nakupigia. Dawa za kichwa zimeisha zote, tumezimeza wenyewe watumishi."

Tukimaliza kutaniana ndipo anataja shida yenyewe, na mara zote aliomba pungufu ya alichohitaji. Hospitalini kwake manesi walimwita Bwana Kidogo. Wodi ikiandika boksi, yeye anatoa nusu, anasema mkiimaliza njooni nyingine ipo. Wapo waliomchukia kwa hilo. Nesi mmoja alinisimulia kwamba aliwahi kumwambia usoni, "Wewe dawa unazitunza ili uzikwe nazo?" Naye akajibu, "Nikizikwa nazo zitapata unyevu, dada. Nitawaachia." Nilicheka nilipoisikia hadithi hiyo. Nilidhani nimemwelewa mtu: bahili mwenye mzaha, basi. Ni mambo ya nyoka ndiyo yaliyonionyesha kwamba sikumwelewa, na mpaka leo sidhani kama namwelewa.

Kila mwaka, kabla mpunga wa Madibira haujaanza kuvunwa, aliagiza dawa ya sumu ya nyoka. Mafinga kwenyewe, katika misonobari na ukungu, nyoka si wengi. Lakini kuna barabara inayopanda kutoka Madibira, na mvunaji akigongwa kule hupakiwa kwenye pikipiki mpaka kwake. Dawa hiyo ni ghali, inataka jokofu, na maisha yake si marefu. Sasa kanuni tuliyofundishwa ni hii: tazama matumizi ya miezi iliyopita, ongeza akiba kidogo, ndipo uagize. Kwa dawa ya minyoo kanuni hiyo inafanya kazi vizuri. Kwa nyoka haifanyi, maana nyoka hana wastani. Misimu ikapita bila mtu kugongwa, vichupa vikapitwa na muda, mkaguzi akaandika hoja, na hoja ile ile ikarudi mwaka uliofuata. Mwishowe kamati ya dawa ya hospitali yake ikasema basi, hatununui tena kitu cha kwenda kuteketeza.

Mwaka huo alipanda basi mwenyewe mpaka Mbeya. Aliingia stoo kwangu amekumbatia kisanduku cha barafu, kile cha kubebea chanjo, kama mtu aliyebeba kuku wa zawadi.

"Kaka mkubwa, nimekuja kuomba chumvi."

"Chumvi gani inabebwa kwenye barafu?"

"Ya nyoka."

"Na kamati yako imesemaje?"

"Kamati imesema nyoka wa Madibira wahamie wilaya nyingine. Nimewaandikia, hawajajibu."

"Kamati?"

"Nyoka."

Nilicheka, na katika kucheka huko nikafungua jokofu. Tulikuwa na vichupa vya kutosha wagonjwa wawili hivi, nikampa nusu. Oda yetu ya nyongeza ilikuwa imekwisha kupelekwa, na nilikuwa na hakika itafika kabla ya mwisho wa mwezi. Sikumuuliza kama atavirudisha. Sikumwambia kwamba nikipata mgonjwa kwanza nitavihitaji. Maneno yalinijia mpaka mdomoni, nikaona haya. Mtu amesafiri nusu siku na barafu mapajani, nimwanzishie masharti? Nikamnunulia chai na chapati, nikamsindikiza stendi. Hilo ndilo kosa langu, na siliweki begani kwa mtu mwingine yeyote. Niligawa dawa ya hospitali kwa adabu ya jikoni.

Oda haikufika. Bohari haikuwa nayo, mshitiri naye akasema yuko njiani, na njiani ni mahali pakubwa sana. Vichupa vilivyobaki vilimtibu mchimbaji mmoja aliyeletwa kutoka Chunya. Siku chache baada ya hapo, asubuhi, akaletwa mama wa Igurusi. Alikuwa akivuna mpunga, kifutu, yule nyoka mfupi mnene asiyekimbia mtu, akamgonga kwenye mkono wa kulia. Alipofika kwetu mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko na ngozi inang'aa. Alikuwa analia kwa sauti ndogo akisema, "Msinikate, jamani, nina watoto, nalimia mkono huu." Daktari akaja stoo kwa miguu yake mwenyewe. Nikamwambia ziko Mafinga. Akasema, "Basi piga simu." Alisimama pembeni yangu nilipokuwa napiga.

"Nirudishie zile dawa," nilisema. Siku hiyo hatukutaniana.

"Kuna nini, kaka?"

"Kuna mama hapa kagongwa na kifutu. Mkono unakwenda. Pakia kwenye basi la kwanza."

Nilisikia msumeno wa kiwanda cha mbao ukilia mbali, nyuma yake. "Basi la kwanza litafika huko jioni," alisema.

"Daktari yuko hapa, anasema hata jioni itasaidia."

"Kaka, wavunaji wameingia Madibira jana. Malori kwa malori. Nikizitoa, kesho wakaniletea mtu?"

"Kesho! Mimi nakwambia habari za leo!"

"Wewe wako unamwona. Mimi wangu simwoni, lakini yupo."

"Hayupo! Hajagongwa! Utamtibu mtu ambaye hajagongwa?"

"Nisamehe, kaka mkubwa. Siwezi."

Aliyekata simu ni mimi. Daktari akapiga kwingine na kwingine, na dawa ikapatikana kesho yake mchana kutoka hospitali nyingine. Mama aliishi. Lakini nyama ya vidole ilikuwa imekwisha kufa, wakavikata, akabaki na gumba. Namfahamu, kwa sababu baadaye aliacha kulima akafungua biashara ya mchele hapa sokoni. Anapima kwa mkono wa kushoto, na mfuko anaufunga kwa gumba na meno. Amenizoea, huniita babu, huniongezea kidogo juu ya kipimo, na kila anaponiongezea naona haya upya.

Marehemu alinipigia wiki ile ile, sikupokea. Akapiga tena baadaye, sikupokea. Akaandika ujumbe wa pole, nikausoma sikuujibu. Mwisho akaacha. Nikajiambia kwamba namwadhibu, na kwamba anastahili. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nami niliridhika kwamba nimekwisha kumwelewa: ni mtu wa kukopa asiyelipa. Nikastaafu na hukumu hiyo. Iligeuka kuwa nzito miaka ilivyokwenda, kwa sababu kila nilipoirudia hesabu ya siku ile ilinipa jibu tofauti. Nilipomfikiria mama, marehemu alikuwa na roho ngumu. Nilipomfikiria mvunaji wa Madibira anayeshushwa kwenye pikipiki mbele ya jokofu tupu, marehemu alikuwa mtu mmoja tu mwenye kuona mbali. Na mimi je? Mimi niliyempa wa kwake na kumnyima wa kwangu, nilikuwa mwema au mzembe? Nimeuliza swali hilo kwa mchungaji, nimeuliza kwa daktari mstaafu, kila mmoja akanipa nusu ya jibu.

Siku hizi vijana wa famasi wana kompyuta. Wanafungua mfumo wanaona dawa gani imebaki wapi, ipi inakaribia kupitwa na muda, na wana kundi lao la simu ambamo mmoja anaandika, "Nina dripu za ziada, nani anahitaji?" na kabla chai haijapoa amejibiwa. Nafurahi. Ningekuwa na kitu hicho, nisingemtegemea mshitiri aliye njiani. Lakini niliketi na mmoja wao, akanionyesha, nikamuuliza, "Mfumo huu, ukiwa na mgonjwa mmoja hapa na mwingine atakayekuja kule, unasema apewe nani?" Akacheka. "Hapana babu, hiyo unaamua mwenyewe." Basi bado tupo pale pale. Stoo ya dawa imejaa ahadi kwa watu ambao hawajaumwa, na kila unapofungua mlango kumsaidia aliye mbele yako unachomoa kitu kutoka kwa mtu usiyemjua. Duka la mchele halina tatizo hilo. Mchele ukiisha kwa huyu, yule atakula ugali.

Nilikwenda kuzika. Sikuwa na hakika kama nina haki ya kwenda, lakini miguu ilinipeleka stendi. Mafinga kulikuwa na manyunyu, turubai linavuja upande mmoja, malori ya magogo yanapunguza mwendo barabarani kwa heshima ya msiba. Jeneza lilikuwa kubwa na zuri, mafundi wa pale hawana mchezo na mbao. Nilikaa pembeni ya nesi mstaafu mmoja, mtani wa marehemu. Historia fupi ya marehemu iliposomwa, msomaji akisema alikuwa mwangalifu wa mali ya umma, nesi yule akanong'ona kwa sauti ya kusikika na nusu ya turubai, "Mwangalifu! Angekuwa ndiye mgawa majeneza, leo angemzika mtu na nusu jeneza, akamwambia ukilimaliza njoo, lingine lipo." Watu wakacheka, mjane naye akacheka na kulia. Kisha mshereheshaji akaomba neno kutoka kwa wenzake wa kazi wa Mbeya, nikasukumwa mbele. Nilisema, "Tulikuwa tunaazimana." Nikarudi kukaa. Nesi akanigonga goti, akasema, "Umesema vizuri, umesema kidogo, angependa."

Baada ya chakula nilimtafuta yule dada aliyenipigia simu. Nilikuwa na swali moja, na sasa naona ndilo lililonipandisha basi.

"Dada, zile dawa za nyoka alizokuja kuchukua kwangu. Zilimtibu nani?"

Alikumbuka mara moja, hakuuliza zipi. "Hazikumtibu mtu, mzee. Msimu ule hakuletwa mtu yeyote. Zilipitwa na muda, tukazipeleka kuteketezwa pamoja na nyingine."

Sijui nilitarajia nini. Ningeambiwa zilimwokoa baba wa watoto saba, ningemsamehe palepale. Nilipoambiwa hazikufanya kazi, hasira ya zamani ikasimama, na papo hapo nikaishangaa. Kwani uamuzi wake ulibadilika? Asubuhi ile hakujua zaidi ya alichojua. Nyoka wa Madibira wangeamka vibaya, leo ningekuwa naandika habari za mtu shujaa. Walilala tu, basi awe mkatili? Nikasimama pale na sahani mkononi, sijui nikasirike au nitubu.

"Alisemaje zilipokwenda kuteketezwa?" niliuliza.

"Alisema Mungu ashukuriwe, hakuna aliyegongwa. Halafu akakaa kwenye boksi la dripu, akasema, 'Basi yule wa Mbeya nimemnyima bure.'" Akanitazama. "Mzee, na mimi nikuulize. Yule mama aliishi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Hamkujua?"

"Tungejuaje? Ulikuwa hupokei simu. Dereva yeyote akitoka Mbeya na mgonjwa, bosi alikuwa anamfuata mpaka kwenye gari: kuna mama aligongwa mkono na nyoka, yuko hai? Wao wanamjibu, mzee, Mbeya kuna akina mama wengi. Tulikuwa tunamcheka. Hata mwaka huu ameuliza."

"Aliishi," nilisema. "Alipoteza vidole. Anauza mchele, ana wajukuu."

Dada yule akaweka chini birika la chai alilokuwa amelishika. "Ungemwambia, mzee," alisema. Hakusema kwa ukali. Kisha akaitwa jikoni, akaenda.

Nimerudi Mbeya na sijaamua bado nani alikuwa sahihi asubuhi ile. Vijana wenye stoo wanaonisoma nawaomba hivi: mwenzako akija na kisanduku, kabla hujafungua jokofu mwambie waziwazi, wa kwangu akitangulia utanirudishia, wa kwako akitangulia tumia. Sema mbele ya chai na chapati, uone haya, useme. Heshima kati yenu haitakufa kwa hilo. Na mambo yakiisha, hata yakiisha vibaya, mpigie umweleze yaliyompata mgonjwa. Mimi nilikaa miaka nikijifanya hakimu wa kesi ambayo hakuna aliyenipa, wakati kazi niliyokuwa nayo ilikuwa ndogo na niliiweza: kupokea simu na kusema, mama yupo hai.